Othello: mapenzi ya Desdemona, Emilia au Bianca, tuigize yapi?

MwanaUjiji
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha usomaji hapa Ujiji kinaandaa onesho fupi la Othello, tanzia ya Shakespeare iliyochezwa kwenye jumba la mfalme London mwaka 1604. Igizo zima hatuliwezi kwa muda tulionao, hivyo tuchague wapenzi wa kuwaweka katikati: jemadari Othello na mkewe Desdemona, askari wake Iago na mkewe Emilia, au Cassio, msaidizi wa Othello, na mpenzi wake Bianca. Mimi niko na Desdemona. Aliacha nyumba ya kitajiri Venice akamfuata mumewe vitani Saiprasi. Hata anapokata roho, Othello mwenyewe akiwa ndiye aliyemuua kwa wivu, akiulizwa nani kamfanyia hivi, anajibu hakuna, ni yeye mwenyewe. Sijaona mapenzi kama hayo.

Binti wa Gungu
Kaka, hilo jibu ndilo linaloniumiza. Anamkinga muuaji wake! Isitoshe, ndoa yao ilikuwa changa mno. Othello mwenyewe anasema Desdemona alimpenda kwa hatari alizopitia, naye Othello akampenda kwa vile Desdemona alivyozionea huruma hatari hizo. Wakaoana kwa siri. Baba mtu, Brabantio, akatoa onyo: amemdanganya baba yake, na wewe anaweza kukudanganya. Baadaye Iago anayaokota maneno hayohayo kumchoma nayo Othello. Hata huku kwetu, binti aliyetoroshwa nyumba ikiyumba hana mzee wa kumpelekea shauri.

Mzee wa Kibirizi
Wanangu, msiwahukumu haraka. Someni pale bandarini. Dhoruba imetawanya merikebu, Desdemona ametangulia kufika, kila mtu anatazama baharini. Othello anashuka, anamkuta mkewe, anasema angekufa saa ile angekufa kwenye kilele cha furaha. Sisi ambao tumesubiri boti za watu wetu usiku upepo ukichafua Ziwa Tanganyika tunaijua furaha hiyo. Mapenzi yalikuwepo. Kosa la yule jemadari ni kumwamini Iago, aliyemzulia Desdemona kuwa ana uhusiano na Cassio, kuliko kumwamini mkewe.

Mwalimu wa Katonga
Shikamoo mzee. Naomba tuwapime wote kwa ile leso.

Othello alipewa na mama yake, akampa Desdemona. Inamdondoka akijaribu kumfunga mumewe kichwa kinachouma. Emilia anaiokota na kumpa Iago, kwa sababu ameiomba mara nyingi naye anataka kumridhisha. Iago anaitupa chumbani kwa Cassio, ili ionekane ni ushahidi wa uzushi wake. Cassio, asiyejua ni ya nani, anampa Bianca anakili nakshi yake.

Sasa mtazameni Bianca. Anaona dalili ya mwanamke mwingine, wivu unampanda, na papo hapo anamuuliza Cassio leso imetoka wapi. Anairudisha kwa hasira, anakataa kuinakili. Kisha anamwambia akitaka chakula cha usiku aje. Leso ni ileile na wivu ni uleule, lakini yeye ametoa la moyoni na mlango ameuacha wazi. Othello anaidai leso kwa ukali, ila tuhuma yenyewe ya Cassio hamtajii mkewe mpaka yuko kitandani kumuua. Na huyu Bianca ndiye Cassio anayemcheka kwa kutamani ndoa! Cassio anapojeruhiwa gizani, anakuja analia, na Iago anamsingizia yeye.

MwanaUjiji
Mwalimu, Bianca nilikuwa nampita tu. Lakini Emilia naye? Mbona ndoa yake naiona kavu?

Binti wa Gungu
Ni kavu kweli. Iago anamkejeli mbele za watu, yeye anavumilia na kutii. Usiku wa mwisho anamwambia Desdemona kwamba wake nao wana hisia kama waume zao. Iago anapomwamuru arudi nyumbani, anajibu huenda asirudi tena kamwe, anasema ukweli wote wa leso, na Iago anamchoma upanga. Anaomba alazwe ubavuni mwa Desdemona, bibi aliyemtumikia. Kwangu Emilia ndiye aliyebadilika kuliko wote, na tukimwacha onesho litapwaya.

Mzee wa Kibirizi
Basi ifuateni leso. Bandarini kwanza, halafu Emilia anaiokota, Bianca anairudisha, kisha chumba cha mwisho. Mandhari ya Venice acheni, msimulizi atayaeleza kwa ufupi.

MwanaUjiji
Nakubali, mzee, ila jibu la Desdemona nalibakiza lilivyo, watazamaji waamue. Dada wa Gungu, Emilia hana msomaji bado. Njoo mazoezini Jumamosi baada ya alasiri.

Binti wa Gungu
Nitakuja. Na Bianca tumtafutie msomaji mzuri, asipewe tu aliyebaki.