Bustani ya wanyama imemwambia mwanangu sokwe akikua mkia unakatika. Nimelipia 15,000

Wakuu, mwakeye.

Nimekaa na hili jambo tangu Jumamosi nikijiambia hasira zipoe kwanza ndiyo niandike kistaarabu. Hazijapoa. Naandika hivyo hivyo, mods mnivumilie.

Niko Kigoma mjini, Gungu. Nina watoto wawili shuleni, binti darasa la nne na kaka yake kidato cha pili. Mwezi uliopita binti alirudi na barua ya ziara ya mafunzo kwenye bustani moja ya wanyama ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji. Jina silitaji, wenyewe wakipita hapa watajijua. Kipeperushi chao kilikuwa cha rangi, karatasi ya kung'aa, na picha ya simba juu. Simba hawana. Chini ya simba wameandika "Programu ya Elimu ya Wanyamapori kwa Watoto na Vijana". Shule ya msingi 15,000 kwa kichwa, nauli ya Kosta mbali. Sekondari wana kifurushi chao cha "Mhifadhi Kijana", siku mbili, 25,000, na cheti mwishoni. Nikalipia wote wawili. Anayejua bei ya mchele na migebuka hapa mjini anajua elfu arobaini si hela ya kutoa ukiwa unacheka.

Shule iliomba wazazi wawili wasaidie kuangalia watoto. Nikajitolea. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Tumefika saa nne asubuhi. Mwongozaji "yuko njiani". Watoto arobaini wamekaa juani hadi saa sita kasoro, maji waliyobeba yakaisha, wawili wakaanza kulia. Akatokea kijana mmoja na fimbo mkononi. Salamu hakuna. "Pangeni mstari, msiguse kitu, msipige kelele, nifuateni." Huo ndio ulikuwa utangulizi wa programu ya elimu.

Banda la kwanza, nyani. Wanne, wamekonda. Jamaa akagonga wavu kwa fimbo wakaruka, akasema: "Hawa ndio wale sokwe wa Gombe mnaowasikia. Hawa bado wadogo."

Binti yangu, ambaye kwa ubishi kamrithi bibi yake mzaa mama, akanyoosha mkono. "Mbona wana mikia?"

Jamaa hakupepesa hata jicho. "Wakikua unakatika."

Na watoto wakaandika! Arobaini, vichwa chini, kalamu zinakimbia: mkia wa sokwe hukatika akikua. Mwalimu wao alikuwa pembeni na simu yake.

Wakuu, ingekuwa imetokea mkoa mwingine ningesema bahati mbaya. Hapa ni Kigoma! Ukipanda boti Kibirizi leo, unashuka Gombe, hifadhi ya sokwe, siku hiyo hiyo. Julai 1960 Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale akiwa binti wa miaka 26, hana hata shahada, na mwaka huo huo akamwona sokwe dume anachovya bua la nyasi kwenye kichuguu, anavua mchwa kama sisi tunavyovua dagaa. Mpaka siku ile wasomi walikuwa wanafundisha kwamba mwenye uwezo wa kutengeneza zana ni binadamu peke yake. Ikabidi wakakae upya, kwa sababu ya sokwe wa hapa kwetu. Huyo mama amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti aliouanzisha haujasimama. Kusini huko kwenye hifadhi ya Mahale, watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe tangu 1965. Yaani dunia imemjua sokwe mtu kwa kupitia mkoa huu, halafu mtoto aliyezaliwa hospitali ya Maweni hapa mjini anachangishwa 15,000 aambiwe kwamba sokwe ni nyani ambaye mkia bado haujadondoka.

Sokwe hana mkia. Hazaliwi nao, hazeeki nao. Mchana anaweza kuwa chini anatembea, jioni anapanda anakunja matawi anajitengenezea kitanda cha usiku ule, kesho anatengeneza kingine. Mtoto wake anakaa na mama miaka na miaka, ananyonya mpaka anafikia umri ambao wetu wanaanza chekechea. Haya yangetosha dakika kumi na watoto wasingesinzia. Mimi si mtaalamu, nauza vifaa vya ujenzi, na nayajua kwa sababu tu nimekulia hapa.

Najua mtu atakuja kuniambia "wapeleke Gombe basi". Gombe na mtoto wa darasa la nne? Kwanza gharama. Pili, watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kuwafuata sokwe msituni, na sababu ni ya msingi, magonjwa yetu yanawapata. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na mikono iliyopooza. Mafua yako wewe kwake yanaweza kuwa msiba. Ndiyo maana bustani ya wanyama ina kazi kubwa kwa mtoto wa miaka kumi: ndiyo mlango wake wa kwanza. Wenzetu wamepewa mlango wamekaa wanakusanya kiingilio.

Tukaendelea. Dakika mbili kila banda, nilipima kwa saa. Vibao vyote Kiingereza na yale majina ya kisayansi, Kiswahili hata neno moja hakuna. Mtoto akiuliza huyu ni nani, anajibiwa "soma hapo". Darasa la nne la shule ya serikali lisome Kilatini.

Kwenye banda moja kulikuwa na mnyama ana madoa, kajikunja kwenye kona. Mwongozaji akapita moja kwa moja. Dogo mmoja kutoka Mwandiga akasema kwa sauti: "Huyu fungo! Anakula kuku wa bibi. Na choo chake anaendaga sehemu moja tu kila siku, mimi napajua." Watoto wote wakamzunguka. Akawaeleza anavyonuka, anavyokuja usiku, njia anazopita. Lilikuwa somo bora la siku nzima, limetolewa bure na mtoto wa miaka tisa, na yote aliyosema ni kweli, fungo ana kawaida hiyo ya kurudia choo kimoja. Mwenye akili angemshika mkono pale pale akaongezea kwamba fungo anakula hata jongoo ambao wanyama wengi hawawagusi kwa sumu yao. Yule bwana alifanya nini? Akapiga fimbo chini: "Nani kakwambia uongee?"

Jane Goodall huyo huyo alipokuwa mtoto mdogo kwao Uingereza alijificha kwenye banda la kuku masaa kadhaa aone yai linatokea wapi, nyumbani wanamtafuta kila mahali. Alipotokea, mama yake hakumchapa, alikaa akasikiliza habari ya yai. Sisi wetu tunamnyamazisha kwa fimbo, na tumelipia.

Sasa nifike penye sababu hasa ya huu uzi. Mamba.

Wana mamba mmoja kwenye bwawa la saruji, maji ya kijani. Alikuwa ametulia, mdomo wazi. Jamaa akawaambia watoto "ana njaa, anawasubiri nyie", wakacheka. Kisha akaokota jiwe akamrushia ili "amwamshe". Watoto kuona mkubwa karusha, nao wakaokota. Nikapiga kelele mimi, mwalimu akainua kichwa kwenye simu, basi ikaishia hapo.

Watoto wa Kigoma, jamani. Watoto wanaooga ziwani, wanaofua ziwani, wanaotumwa maji na ndoo saa kumi na mbili jioni. Huyu mnyama kwao si wa kwenye picha. Mamba anaachama mdomo ili apooze joto, hatoi jasho kama sisi, haina uhusiano na njaa. Anayewinda humwoni, amelala chini ya maji ukingoni. Ukichota maji mahali pale pale saa ile ile kila siku unamfundisha ratiba yako. Magugu yakiziba ukingo usisogee, giza likianza kuingia ondoka. Kuna bustani gani duniani yenye nafasi nzuri kuliko hii ya kumfundisha mtoto kitu ambacho kinaweza kumrudisha nyumbani akiwa mzima? Walichoondoka nacho ni kwamba mamba ni mvivu, ukimrushia jiwe anashtuka.

Chatu nitasema kwa kifupi maana nitapasuka. Picha na chatu shingoni 5,000, nje ya ile 15,000. Wakaambiwa ana sumu ila "hii imetolewa". Chatu hana sumu. Anabana.

Mwisho kabisa kuna tanki la kioo la samaki wa ziwani, wale wadogo wa miambani wenye rangi. Kioo kimejaa ukungu, ndani huoni kitu. Samaki hawa watu wa nje wananunua ghali wawafuge sebuleni, na aina nyingi hazipatikani ziwa lingine lolote duniani isipokuwa Tanganyika. Kuna mama katika hao anayebeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe. Nilitegemea angalau hapo tutasimama. "Hao ni samaki," akasema. Tukapita.

Nije kwa kijana wangu, wiki iliyofuata. Mhifadhi Kijana. Siku ya kwanza wamefyeka nyasi za pundamilia, wamebeba maji, wamefagia mabanda. Siku ya pili hivyo hivyo, na mwongozaji hakuja kabisa. Msinielewe vibaya, mimi mwanangu kushika fagio simuonei huruma, na wanaotunza wanyama kila mahali wanaanza na fagio. Tatizo ni kwamba fagio lilianza likaishia kuwa fagio. Hicho kinyesi walichozoa watafiti wanakiokota Gombe kama almasi, wanapima ndani yake mnyama kala nini, ana minyoo gani, ana virusi gani, bila kumgusa wala kumchoma sindano. Mtu angewaambia hilo tu, vijana wangefagia wanachekelea. Bila hilo, wazazi tumelipa 25,000 ili watoto wetu wawe vibarua wa mtu.

Na alijaribu kuuliza. Mjomba wake anavua Katonga, mwaka 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti nyumba ile ilikaa miezi mitatu hali ngumu, kijana aliiona. Akauliza, je, samaki wanazaliana vipi mpaka tufunge ziwa, na kufunga kunasaidia kweli? Swali la kidato cha pili ambalo mimi sijawahi kulisikia hata kwenye vikao vya wakubwa. Jibu: "Hayo mambo ya serikali." Endelea kufyeka.

Vikundi vya vijana vya Roots & Shoots, ambavyo leo viko nchi kibao, vilianzia hapa hapa Tanzania, Dar es Salaam, mwaka 1991, wanafunzi 12 wamekaa barazani kwa huyo huyo mama wa Gombe. Hapakuwa na bwawa, chatu wala kipeperushi cha kung'aa. Msiniambie bajeti.

Cheti alipewa. Jina limekosewa. Kimeandikwa amehitimu.

Na walimu wetu msijifiche nyuma ya bustani. Nilimuuliza mwalimu kwenye Kosta tukirudi, umesikia habari ya mkia? Akacheka, "Baba, si watoto tu." Sawa. Jumatatu binti karudishiwa daftari la ziara. Ile sentensi ya mkia ina alama ya vema, wino mwekundu.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza niliripoti wapi. Nilimpigia msimamizi wao Jumapili, akasema atalifanyia kazi. Anayesema naichafua Kigoma, ndugu, mimi ni wa hapa hapa, nitazikwa hapa hapa.

NYONGEZA 2: Msimamizi amenipigia tena leo mchana, kumbe uzi umemfikia. Anaomba niufute, atanipa tiketi mbili za bure na picha ya chatu bila malipo. Nimemwambia tiketi abaki nazo. Ninachotaka ni yule kijana aje shuleni bila fimbo, asimame mbele ya watoto wale wale arobaini, aseme sokwe hana mkia, na wote wafute kwenye daftari. Amesema atanirudia. Ikifika Ijumaa kimya, nitakuja kuwaambia hapa hapa.