Majengo mapya ya ofisi Mtwara: vioo vya sola au upenu mpana?

Wadau wa Kusini, salaam. Kuna mwenzetu ametoa hoja kwamba majengo mapya ya umma Mtwara na Lindi yalazimishwe kuweka vioo vya sola, vile vinavyopitisha mwanga kama kioo cha kawaida huku vikizalisha umeme. Mimi napinga.

Juzi nilikaa saa mbili kwenye ofisi moja hapa mjini nikisubiri karatasi. Ukuta mzima wa magharibi ni vioo. Saa tisa alasiri mapazia yamefungwa, taa zote zinawaka, kiyoyozi kinanguruma, na dada wa mapokezi kaegesha kadibodi dirishani jua lisimchome shingo. Vioo vimenunuliwa kwa ajili ya mwanga, kisha mwanga ukazibwa na taa zikawashwa! Umeme wetu unapotelea hapo.

Mwaka 2014 Richard Lunt na wenzake wa Michigan State, Marekani, walionyesha kioo cha aina hiyo. Molekuli zake hunasa miale tusiyoiona, ya urujuanimno na infraredi, na kuipeleka ukingoni mwa kioo kwenye vipande vyembamba vya sola. Ufanisi ulikuwa karibu asilimia 1. Utafiti umesonga mbele tangu hapo, lakini mwanga uliopita kwenda ndani hauwezi tena kuwa umeme. Paneli ya kawaida hufikia asilimia 20 hivi.

Tena sisi tuko kama digrii 10 kusini mwa ikweta. Tarehe 20 hivi za Oktoba jua la adhuhuri liko utosini, nguzo haina kivuli. Saa jua linapokuwa kali kuliko zote, dirisha lililosimama wima linaambulia kidogo sana. Linalopokea ni paa. Basi paneli ziwe juu ya bati, upenu uwe mpana, miti ipandwe magharibi. Nendeni mji wa kale wa Mikindani mchana wa Novemba mguse kwa ndani kuta nene za mawe ya matumbawe, muone zilivyo na ubaridi.

*Mdau wa Shangani:* Kaka, upenu wako unafaa nyumba ya chini. Ghorofa tano zinagawana paa moja, paneli za hapo juu zitatosha nani? Na jua la saa kumi linakuja chini chini, linapita chini ya upenu na kuingia mpaka mezani. Karibu nusu ya nishati ya jua ni infraredi. Kioo kinachoizuia kinampunguzia kazi kiyoyozi, hata kama umeme wenyewe ni haba.

*Wa Lindi mjini:* Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba likafika Dar es Salaam 2015, leo tunajadili vioo? Tudai kwanza umeme usiokatika.

*Fundi aluminiamu:* Mimi ndiye ninayefunga hayo madirisha. La kuteleza linafunguka nusu tu, kwa hiyo upepo wa bahari unaingia nusu. Watu wanalitaka kwa sababu linapendeza. Kioo cha sola kitahitaji waya ndani ya fremu, na chumvi ya huku mnaijua, inakula mpaka skrubu. Kioo cha kawaida kikipasuka asubuhi, jioni nimeshakata kingine. Hicho cha sola nitakitoa wapi?

*Mleta mada:* Ndugu wa Lindi, gesi nami inaniuma, ila hata umeme wa gesi tunaulipia, na ofisi ile inauteketeza.

Mdau wa Shangani, jua la saa kumi umenibana kweli, upenu peke yake hauliwezi. Lakini kuzuia infraredi hakuhitaji sola. Vipo vioo vyenye utando wa kuirudisha nje, bila waya wala inverta. Na kwa jengo ambalo bado liko kwenye ramani, magharibi wekeni ngazi, stoo na vyoo, watu wakae kaskazini na kusini. Hilo halinunuliwi, linachorwa tu.

Fundi, nisaidie jambo moja. Dirisha la bawaba linalofunguka lote, kwa upana uleule wa la kuteleza, linazidi kwa shilingi ngapi? Wiki ijayo tuna kikao cha kata kuhusu ofisi mpya, nataka niingie na bei mkononi.