Maneno 1,000 ya GRE: visawe vinanichanganya, nyie mlikaririje?

Mtu_wa_Kihonda

Wakuu salaam. Nina mtihani wa GRE mwezi ujao, naomba nafasi ya shahada ya uzamili Marekani. Hesabu hazinisumbui, nafundisha takwimu. Kinachonitoa jasho ni msamiati. Nimechapisha orodha ya maneno 1,000 yaliyopangwa kwa visawe, nakariri 30 kila usiku watoto wakishalala. Asubuhi ndani ya daladala nakumbuka kumi, jioni yamebaki manne.

Kibaya zaidi ni hiki. Kwenye orodha yangu "famous" (maarufu) na "notorious" (maarufu kwa ubaya) yamekaa mstari mmoja. Basi nikaandika kwenye barua ya maombi kwamba chuo nilichosoma ni "notorious for research". Rafiki yangu aliyekuwa ananisahihishia akanipigia simu, anacheka mpaka anakohoa: "Kwani hicho chuo kiliiba utafiti wa watu?" Nilishukuru Mungu barua ilikuwa haijatumwa.

Halafu kuna yale maswali ya sentensi yenye pengo, unachagua maneno mawili kati ya sita ya kulijaza. Napata moja nakosa la pili, na nusu alama hakuna. Mliopita huko mlifanyaje?

fundi_redio

Kariri tu mkuu. Jedwali la elementi tulilimeza bila kuelewa na shule tukamaliza.

Dada_Mfasiri

Usimsikilize fundi. Mimi ni mfasiri, mtihani huo nimeufanya mara mbili, na mara ya kwanza nilianguka kwa ugonjwa huo huo wako.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Mchoyo na bahili ni kitu kimoja? Mchoyo hataki kukupa chake, lakini yeye anakula vizuri tu. Bahili hata yeye mwenyewe analala njaa na hela iko mfukoni. Hakuna aliyekufundisha hayo darasani, umeyasikia yakisemwa juu ya watu unaowajua. Kiingereza nacho kina watu wake. "Frugal" ni mama anayepanga sukari ya kopo moja ifike mwisho wa mwezi, na huyo anasifiwa. "Parsimonious" ni mwenyeji anayehesabu vijiko vya sukari unavyotia kwenye chai yake. Orodha yako itawaweka mstari mmoja, lakini mmoja anapongezwa, mwingine anasengenywa. Kwa hiyo chukua kalamu, kila neno litie alama ya kujumlisha au ya kutoa. Ungefanya hivyo, "notorious" lisingekutia aibu.

Ndiyo maana hata kwenye yale maswali ya maneno sita wanakutegea visawe viwili vilivyofanana kabisa ambavyo haviingii kwenye sentensi. Jaza pengo kwa neno lako la Kiswahili kwanza, ndipo uangalie majibu.

Sasa kukumbuka. Mimi nilitafuta sauti ya Kiswahili ndani ya neno. "Garrulous": gari, namwona konda anayeropoka toka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. "Laconic": la! Mtu ukimwuliza habari ndefu anakujibu "la", basi. "Mendacious": mende, maana mwongo naye ukiwasha taa anakimbilia nyuma ya kabati. Ni upuuzi, najua, na mume wangu alidhani nimechanganyikiwa. Ila miaka imepita na mende yule hajatoka kichwani.

Usiku acha kusoma orodha. Andika kadi, neno mbele, sentensi yako mwenyewe nyuma, uzitie kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano. Ukipatia, kadi inasogea chumba cha mbele na unaiona kwa nadra. Ukikosea inarudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha tano. Ni mbinu ya Sebastian Leitner, aliieleza mwaka 1972. Inauma kurudisha kadi, lakini usijionee huruma.

mzee_wa_mizizi

Dada umesema vema, ila mende na konda watamchosha maneno yakifika mia. Ajifunze mizizi. Ile "loqu" ya Kilatini ni kusema: "loquacious", "eloquent", "colloquial", umepata matatu kwa bei ya moja. Na "laconic" lina kwao, Laconia, nchi ya Wasparta wa Ugiriki ya kale. Inasimuliwa kwamba mfalme Filipo wa Makedonia aliwatishia kuwa ikiwa ataingia nchi yao atawaangamiza, nao wakamjibu neno moja: "Ikiwa."

Dada_Mfasiri

Shikamoo mzee. Mizizi nakubali, lakini ndiyo iliyoniponza kwa "enervate". Nikaona "nerv", nikasema hili ni la kutia nguvu. Kumbe ni kuzimaliza.

Mtu_wa_Kihonda

Shikamoo mzee, na dada asante sana. Boksi limepatikana, la raba za mwanangu. Nimeshatunga langu la kwanza: "obdurate", duara. Mkaidi unamzunguka pande zote huoni mlango wa kumwingilia.

Fundi, jedwali la elementi nimejaribu kulitaja sasa hivi, nimeishia kwenye boroni.

Ila dada, konda wako amenigharimu. Leo asubuhi nimempata mmoja "garrulous" mwenyewe, nikawa namtungia sentensi ya nyuma ya kadi. Nilikuwa nashuka Msamvu. Kushtuka niko sokoni mjini, na nauli ya kurudi nimelipa.