Koki niliyotengeneza inavuja tena, mteja anadai hela yote

Wakuu, nilibadilisha washa (kile kipira cha ndani kinachozuia maji) ya koki ya sinki, wiki 2 baadaye inadondosha. Mteja anataka arudishiwe hela yote. Nifanyeje?

— Usibishane naye kwenye simu. Nenda kesho, funga maji, toa shina la koki, kisha pitisha kidole pale washa inapokalia. Ukihisi mkwaruzo, washa yoyote mpya italiwa tu. Sugua kiti hicho kwa kisagio chake au weka koki mpya. Kama maji yanatoka chini ya mpini, tatizo ni pakingi (kizibo kinachozunguka shina), washa haihusiki.

— Nakubaliana, ila kurudisha hela yote ni mapema mno. Kosa likiwa la mkono wako, rudia bure. Washa aliinunua mwenyewe? Basi anunue nyingine, wewe toza ufundi nusu au usitoze. Shida ni kwamba haya yalipaswa kuandikwa kwenye risiti kabla ya kazi: dhamana siku 30, vifaa vya mteja havimo. Na upige picha, kabla na baada ya kazi.

— Mwonyeshe pia asiikaze koki kwa nguvu zote. Washa hukatika hivyo.