Mrejesho: mbegu za kubadilishana kabla ya masika

Asanteni nyote. Niliuliza nitunze vipi mbegu za bamia kwa unyevu huu wa Lamu, ili nibadilishane na mashoga zangu masika yakikaribia. Nilishika shauri lenu la jivu: zianikwe kivulini mpaka ukiiuma moja inakatika, haibonyei, kisha chupa kavu, jivu lililopoa, kifuniko kikazwe. Hazina kuvu wala fukusi. Za papai nilizisugua mchangani kutoa ule utando wa utelezi, maana ukibaki huchelewa kuota. Asumini hatukuhangaika na mbegu, tulipeana vipandikizi siku ya Idi pamoja na visheti (visheti ndivyo vilivyogombewa). Shoga mmoja kaleta mbegu zisizo na jina, eti tutazijua zikiota. Zimeota: mnavu mtupu.