Seva ya meseji ya duka: kwa wifi inashika, Molo inakataa

agrovet_nax
Wadau habari za jioni. Tuko na agrovet hapa Nakuru na matawi Njoro na Molo, oda za wateja tulikuwa tunatumiana kwa grupu la kawaida la simu, sasa kijana mmoja akaacha kazi akaenda na simu yake na oda zote ziko humo, nikasema hapana, lazima tuwe na seva yetu. Nikachukua desktop ya zamani ya RAM giga 2, nikaweka Debian 12 (aina ya Linux) na Prosody, programu ya seva ya meseji. Kwa wifi ya duka Conversations, ile app ya meseji kwa simu, inaongea vizuri sana lakini wa Molo akiwa kwa data haingii kabisa. Poti 5222, ile simu huingilia kwa seva, nimefungua kwa ruta, firewall ya desktop nimezima, siku ya tatu leo. Ama nihamie Matrix, ule mfumo mwingine wa meseji?

fundi_kibuye
Usihame boss, Prosody haina shida. Ingia kwa ruta uangalie IP ya upande wa WAN (upande wa intaneti), kisha ulinganishe na ile unapata ukigoogle IP yako. Zikiwa tofauti, na ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, wateja wengi mmepangwa kwa anwani moja ya nje. Hapo kufungua poti kwa ruta yako ni kama umefungua mlango wa nyumba na funguo ya geti ya ploti iko na keateka. Na tafadhali washa hiyo firewall.

agrovet_nax
Nimeangalia, inaanza na 100.81. Aki siku tatu zote! Sasa nifanyeje?

dada_lurambi
Pole kaka. Kodi VPS ndogo (seva ya kukodi kwa intaneti, ina IP yake ya nje) ya RAM giga 1, inatosha watu wenu wote, Synapse, seva ya Matrix, ndio hupenda kumeza memori. Ungeweza kuacha desktop dukani uipitishie kwa VPS na WireGuard (njia ya VPN), lakini stima ikipotea hapo Nakuru, matawi ya Njoro na Molo pia yamekatika, kwa hivyo mimi ningehamisha kila kitu. Kopi /etc/prosody na /var/lib/prosody, elekeza DNS (jina la seva yako) huko, na cheti cha usalama cha bure cha Let's Encrypt kiingize na `prosodyctl --root cert import /etc/letsencrypt/live`. Hiyo komandi iweke kwa deploy-hook ya certbot, ili ikimbie yenyewe kila certbot ikichukua cheti kipya, maanake cheti ni siku 90 tu. Mimi sikuiweka, Jumapili asubuhi simu zote zikakataa, cheti kipya kiko kwa diski na Prosody bado imeshikilia cha zamani.

Lakini nisikize hapa, wewe shida yako ni oda zisipotee. Prosody, ukiwasha mam (moduli ya kuhifadhi meseji kwa seva), kwa kawaida huziweka wiki moja tu halafu inafuta. Weka `archive_expires_after = "1y"`, na kwa grupu washa muc_mam (hifadhi ya meseji za grupu) na `muc_log_expires_after` hivyo hivyo. Tena Conversations huwasha OMEMO yenyewe (kufunga meseji zisomwe na simu za wahusika tu) kwa meseji za watu wawili, na hizo seva inabaki nazo zikiwa zimefungwa, ukimpa mtu mpya simu mpya hataona za nyuma. Grupu la oda lifungue bila OMEMO, TLS inafunga meseji zikiwa njiani hadi kwa seva, na uwaambie wafanyakazi wazi kwamba wewe unaweza kuzisoma.

fundi_kibuye
Hapo kwa OMEMO nakubali kabisa. Na mtu akiacha kazi ni `prosodyctl deluser` (kufuta akaunti yake) siku hiyo hiyo, ingawa zile ziko kwa simu yake tayari hutazitoa.

agrovet_nax
Nimehamisha usiku. Saa mbili asubuhi Molo wameandika kwa grupu, katoni nne za dawa ya kupe, na mimi niko kwa data yangu tu nje ya duka. Asanteni sana. Hiyo ya wiki moja singeijua mpaka oda zipotee.