Anatumia sertralini, mgongo unamsumbua: apewe nini?

Wakuu habari za saa hizi, hasa mlio famasi na kliniki za afya ya akili. Naomba ushauri.

Mgonjwa ni mama wa miaka 46, ana tatizo la wasiwasi. Alianza sertralini miligramu 25 kwa wiki moja, sasa yuko kwenye 50, siku ya 12. Kichefuchefu kimepungua tangu ahamishie kidonge asubuhi baada ya uji. Akimeza usiku alikuwa anakesha. Kilichobaki ni kuharisha kidogo na mikono kutetemeka, kikombe cha chai kinagongagonga kisahani. Hana homa wala misuli kukakamaa.

Shida ni mgongo. Duka la dawa limempa diklofenaki na tramadoli. Nimezizuia kabla hajameza hata kimoja: ya kwanza pamoja na sertralini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, ya pili inaweza kupandisha kupita kiasi serotonini, kemikali ya mwilini ambayo sertralini nayo huiongeza (na kutetemeka ni dalili yake mojawapo!). Parasetamo gramu 1 mara tatu kwa siku haimtoshi.

Zaidi ya parasetamo, mnawapa nini wagonjwa wa namna hii? Na kutetemeka huku kusubiri kliniki ya wiki ijayo, au arudi sasa dozi iangaliwe upya?